Mzizi wa Ndoa

Mbeleje alikuwa na hakika kwamba anaibiwa maji, na mwizi alimjua kwa jina. Kilichobaki ni kumshika tu.

Alfajiri hiyo, kabla hata ya kunawa uso, alitoka nje ya tembe lake, akapiga magoti chini ya mgunga wake, akachota udongo konzi moja na kuufinya. Miaka yote udongo huo ulipofinywa ulibaki na alama za vidole vyake. Leo ulimponyoka kama unga wa uwele. Kunde zilikuwa zimekunja majani. Mlenda ulikuwa umeanza kutoa maua kabla ya wakati wake, jambo ambalo mmea hulifanya ukishajiona hauna maisha, na Mbeleje alichukia kuyaona maua hayo kuliko ambavyo angechukia kuukuta umekauka kabisa.

"Masinjisa," alinong'ona. "Utanieleza."

Masinjisa alikuwa mkwe mwenzake, baba wa mke wa mwanawe. Tembe lake lilikuwa jirani tu, na kati ya mgunga wake na mgunga wa Mbeleje, chini ya ardhi, ulipita mzizi mmoja usio na mwenyewe. Mzizi huo ndio uliokuwa ukimkosesha Mbeleje usingizi.

Watu wa Makolongo waliiita migunga yao michotaji. Mgunga wowote huchota, hilo si jipya. Usiku majani yanapolala, hakuna kinachoyavuta maji kwenda juu, basi maji yaliyoko chini sana hupanda kwa mizizi mirefu na kuvuja kwenye udongo mkavu wa juu, ilipo mizizi mifupi. Ila mgunga wa porini ni mchoyo. Ulichovujisha usiku hukidai mchana, na juu yake huchukua na cha jirani. Ndiyo maana wahenga wengine waliona nyasi zimestawi chini yake na wengine wakaona zimekauka, wakabishana mpaka wakazikwa na ubishi wao. Enzi za bibi yake Mbeleje, mvua zilipoanza kuja mwaka mmoja na kuruka miwili, watu wa Kituo cha Mbegu walileta miche ya mgunga waliokuwa wameubadilisha. Mizizi yake ilifika kwenye maji ambayo hakuna kisima kilichowahi kuyagusa, na ilitoa kuliko ilivyodai. Kila kaya ilipewa mmoja na sharti moja: upogolewe kila mwaka, kwani majani yakizidi, mchotaji hurudi kuwa mgunga kama migunga mingine.

Habari ya ndoa watu waliiongeza wenyewe, na Kituo hakikuulizwa. Siku ya harusi wanaume walichimba mtaro kutoka mti wa bwana hadi mti wa bibi arusi, wakavuta mzizi mmoja huku na mmoja kule, wakaikwangua maganda na kuifunga pamoja kwa kamba ya katani. Ikishaungana, miti hiyo ilikunywa pamoja. Mwenye udongo mnyevu alimsaidia mwenye udongo mkavu bila kuombwa, na hakuna aliyejua ni lini. Talaka nayo ilikuwa ni kukata mzizi kwa shoka, basi. Kifo hakikuhesabiwa kuwa talaka, kwa hiyo mizizi ya wajane na wagane iliachwa ikaendelea kunywa kama zamani.

Mzizi wa Ndahani, mwanawe Mbeleje, na Sechelela, bintiye Masinjisa, uliungwa msimu uliopita. Tangu hapo udongo wa Mbeleje ulianza kukauka. Hata mtu asiyependa kuhisi mabaya angehisi, na Mbeleje alikuwa mwepesi wa kuhisi.

Alikuwa bado na vumbi kiganjani alipomwona Sechelela akitoka kwa mlango wa nyuma, tumbo limemtangulia, kibuyu kimefunikwa kwa jani mikononi. Hakukibeba kichwani. Alikikumbatia.

"Unakwenda wapi mapema hivi?"

Sechelela alishtuka. "Shikamoo, mama. Nakwenda kumwamkia baba."

"Marahaba. Na hicho?"

"Kitu kidogo tu, mama."

Machale yakamcheza Mbeleje. Kitu kidogo hakikumbatiwi namna ile. Alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya zizi, akajiambia kwamba sasa hata ndani ya nyumba yake kuna mtu wa upande wa pili.

Kisha akafanya alichofanya kila asubuhi. Alichukua ufagio, akaenda upande wa mashariki wa mti, kwenye kaburi la mumewe Malogo, akalifagia. Alipomaliza alifagia na nafasi iliyokuwa ubavuni pake, ambayo haikuwa na mtu. Nafasi hiyo ilikuwa yake. Malogo mwenyewe aliipima kwa miguu, mgonjwa hivyohivyo, akicheka kwamba ameacha upana wa kutosha kwa mwanamke anayelala ametanua viwiko. Mbeleje hakuwa na mali nyingine aliyoipenda kama kile kipande cha ardhi.

*

Wakwe wa Makolongo hawatazamani machoni wanapogombana. Ni utovu wa adabu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo jua lilipopanda, Mbeleje na Masinjisa walisimama kwenye ukingo wa mtaro wa harusi wakiwa wamepeana migongo, kila mmoja akiongea na mti wake.

"Mkwe wangu ni mtu mwema," Mbeleje aliuambia mgunga wake. "Nasikitika tu kwamba kunde zangu zinakufa tangu tuungane naye."

"Na mimi mkwe wangu nampenda," Masinjisa aliuambia wa kwake. Alikuwa mrina asali, mwembamba, mwenye kicheko cha karibu karibu, na Mbeleje hakuwahi kumwamini mtu anayecheka upesi. "Lakini mti wangu unapukutisha majani. Nyuki wamehama. Mtama uliokuwa ukinifika kifuani sasa uko magotini. Nauliza tu, maji yangu yamekwenda wapi?"

Mbeleje akasahau adabu, akageuka. "Yako?"

"Sijasema neno, mkwe. Nimeuliza mti."

"Basi mti na upimwe. Aitwe Nehemia. Na anayekunywa cha mwenzake, mwenzake akate."

Alisema hivyo kwa hasira, na hasira ilipotulia akasikia alichosema. Kukata mzizi ule ni kuwatenganisha Ndahani na Sechelela. Ndahani alikuwa Manyoni kwenye mashamba ya jua, akifuta vumbi kwenye vioo vinavyokamata umeme, na angerudi mwisho wa mwezi akute mkewe kapelekwa kwao na tumbo lake. Mbeleje aliona aibu kidogo, lakini aliifukuza. Aliyeanza wizi ndiye aone aibu.

Masinjisa naye hakucheka safari hii. "Aitwe," alisema, akiendelea kutazama mti.

*

Nehemia alikuwa mpimaji wa mizizi wa vijiji vile, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mfuko wa karanga usiomtoka. Alifika na punda aliyebeba maturubai mawili meusi makubwa. Alipitia kwa Masinjisa kwanza akanywa togwa, jambo ambalo Mbeleje aliliona na kuliweka moyoni. Tena mama yake Nehemia alikuwa wa ukoo wa Masinjisa. Hilo nalo aliliweka.

"Kwa nini usipime usiku, wakati miti inachota?" alimuuliza. "Mambo ya mchana na maturubai ni ya nini?"

"Usiku, Mama Ndahani, michotaji yote ya kijiji inafanya kazi, na yote imeoana. Ni kama kusikiliza mtu mmoja kwenye ngoma. Mchana naulaza wako na wa Masinjisa tu. Nikiufunika, mti unadhani jua limezama. Majani yanafunga, unaacha kuvuta kwa juu, na hapo ndipo naweza kujua maji yanakimbilia wapi."

"Na wewe unajuaje?"

Alimwonyesha sindano ya shaba yenye waya mwembamba ulioishia kwenye kioo kidogo. "Hii inapasha joto utomvu kidogo sana, halafu inasikiliza lile joto limebebwa kwenda upande gani. Mstari kwenye kioo ukilalia kushoto, maji yanakwenda kushoto. Haijui ndugu wala mkwe."

"Sindano haijui," Mbeleje alisema. "Mimi namtazama aliyeishika."

Nehemia alitafuna karanga. Labda alishazoea.

Kuuvisha mti giza la usiku si kazi ya mchezo. Walivuta turubai kwa kamba, miiba ikichana, na majirani waliokuja kutazama wakageuka wasaidizi wapende wasipende. Ndege walitoka kwa kelele. Chini ya turubai kukawa giza na joto zito, na Mbeleje alipoingia kushika shina aliusikia mti wake umenyamaza kabisa. Hakuwahi kuusikia umenyamaza hivyo mchana. Ilimtisha, na hakupenda mtu yeyote ajue imemtisha.

Masinjisa alikataa kuondoka kwenye mti wake. Alikaa juu ya mzinga mtupu, akishika ncha ya kamba, kulinda turubai lake lisije likafunuliwa na watu wenye hila. Hakusema watu gani. Sechelela alitumwa kumletea maji ya kunywa akabaki huko huko, na Mbeleje aliliona na hilo.

Nehemia aliteremka mtaroni, akaufukua mzizi ule mpaka ukaonekana kovu lake la kamba ya katani, akachoma sindano. Wakasubiri. Mbeleje alichuchumaa ukingoni, macho kwenye kioo. Mstari ulitetemeka kidogo, ukalala. Ulilala upande wake.

"Geuza sindano," alisema.

Nehemia akaichomoa, akaigeuza, akaichoma tena. Mstari ukasimama, ukafikiri, kisha ukalala upande ule ule, kwa mti wake.

"Geuza na waya."

Akageuza na waya. Maji yalikuwa yakitoka kwa Masinjisa, yanakuja kwa Mbeleje, tena kwa kasi.

Mbeleje alihisi uso wake unawaka. Amewatangazia watu kwamba mkwe wake ni mwizi, kumbe mwizi ni yeye. "Uongo," alisema kwa sauti ndogo. "Njoo ushike udongo wangu. Njoo uone kunde zangu. Kama nakunywa, nakunywa na mdomo gani?"

Nehemia hakubisha. Alitoka mtaroni, akaenda chini ya mti wa Mbeleje, akachota udongo, akaufinya, akautazama ukimwagika. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliacha kutafuna.

"Hili ni kweli," alisema. "Yanaingia na hayakai. Mama Ndahani, mti huu umeoa mara ngapi?"

*

Mzizi wa pili ulikuwa upande wa kusini, umefukiwa miaka mingi, na juu yake Mbeleje alikuwa amepanda maboga. Ulikuwa mzizi wa ndoa yake yeye na Malogo. Ulitoka hapo ukaenda mbali kama mwito wa sauti, ng'ambo ya korongo, hadi mti wa baba yake, mzee Chibehe.

"Kule hakuna mtu," alisema wakati Nehemia akifukua. "Baba alikufa, ndugu zangu wakahamia mjini. Tembe limeanguka. Pale pamekufa."

Nehemia alichoma sindano. Mstari haukutetemeka hata kidogo. Ulianguka upande wa korongo ukabaki hapo.

Walikwenda wawili, wakiyaacha maturubai na watu wake. Mbeleje alitembea mbele, haraka, akiwa na hakika kwamba huko kuna mtu. Mtu amejificha, amelima bustani kwa siri, anakula nyanya za wizi. Alikuwa tayari na maneno ya kumwambia.

Hawakukuta mtu. Walikuta mti.

Mbeleje aliukumbuka ukiwa umepogolewa vizuri, mwepesi, unapitisha mwanga. Sasa ulikuwa umefunika uwanja mzima wa tembe lililoanguka, matawi yameshuka mpaka chini, majani mabichi yamejazana kuliko mti wowote aliowahi kuuona katikati ya kiangazi. Na chini yake hapakuwa na jani hata moja la nyasi. Ardhi ilikuwa tupu, nyeupe, imepasuka. Kila tone lililofika pale lilipandishwa juu na majani na kupotelea hewani.

"Hakuna aliyeupogoa," Nehemia alisema.

"Nani angeupogoa?" Kwa desturi ya Makolongo, chuma hakigusi mchotaji isipokuwa kwa mkono wa anayelala kwenye kaya yake. Desturi hiyo ililinda miti ya watu isiharibiwe na majirani wenye husuda, na ilikuwa imeilinda vizuri kwa miaka mingi. Hakuna aliyewaza siku itakapokuwapo kaya isiyo na mtu wa kulala. "Mimi niliolewa. Mimi ni wa kwa Malogo. Hata kijitawi sina ruhusa."

"Mti huu umekuwa ukikua na kukunyonya kidogo kidogo wewe ukiwa unatoa. Ulikuwa na maji ya kutosha, hukuhisi. Msimu uliopita ukaungwa na Masinjisa, ukapata bomba la pili, na huu mti nao ukapata mkono mrefu zaidi. Unamfikia yeye kwa kupitia wewe." Nehemia alivua miwani, akaifuta. "Utawamaliza wote wawili kabla ya mvua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jioni, kabla ya kuvua maturubai, natakiwa kutangaza. Nimeulizwa mzizi mmoja, wa kwako na Masinjisa. Nikisema nilichokiona, atakata leo leo, na ana haki. Mzizi wa pili hakuna aliyeniuliza."

Mbeleje alimkazia macho. Alitafuta ndani ya sentensi ile mahali pa mtego, maana kila sentensi ina mahali pake. "Unataka nikuulize."

"Sitaki kitu. Nasema tu. Mzizi wa pili unaweza kuukata wewe mwenyewe, na ukiukata, mti huu unakosa maji yenu. Lakini unajua maana yake."

Alijua. Mwanamke anayekata mzizi wa ndoa yake ameachana na mumewe, awe hai au marehemu. Anatoka siku hiyo hiyo na vyombo vyake, anarudi kwao. Hazikwi kwa mumewe. Malogo angebaki na ile nafasi aliyoipima, tupu, mpaka mwisho wa dunia.

"Au sindano yako imeharibika," Mbeleje alisema polepole. "Joto la leo. Vitu vinaharibika."

Nehemia alivaa miwani. "Inaweza kuharibika," alikubali, na hakuonekana kumlaumu. "Masinjisa atamaliza mwezi, pengine. Wewe utafika mbele kidogo."

Alimchukia kwa kukubali. Angekataa, angekuwa na mtu wa kugombana naye.

*

Walimkuta Sechelela amekaa kwenye ukingo wa mtaro peke yake, miguu imening'inia, kibuyu kiko kando yake. Nehemia akapita kwenda kwa Masinjisa. Mbeleje akasimama.

"Ndani kuna nini?"

Sechelela akakiinua akamimina. Ulitoka udongo. Mkavu, wa kijivu, wenye vipande vya majani ya kunde.

"Ni wa kwako, mama. Nimekuwa nikimpelekea baba kila baada ya siku chache. Yeye amekuwa akisema wewe ndiye unayemnyonya, anataka kukata. Nikamwambia aje aone, akasema hawezi kwenda kushikashika udongo wa mkwe, ni aibu. Basi nikawa nampelekea. Nilimwambia, baba, mtu anayeiba maji udongo wake hauwi hivi." Alifuta mkono kwenye kanga. "Leo amekubali. Amesema hata sindano isemeje, anaamini udongo."

Mbeleje alikaa chini pale pale, bila kuchagua mahali. Tangu alfajiri alikuwa akimhesabia binti huyu hatua zake. Na binti huyu alikuwa akimtetea kwa ushahidi wa kweli, akitetea jambo ambalo halikuwa kweli, na baba yake aliyekuwa na haki alikuwa ameacha haki yake kwa sababu ya konzi ya vumbi.

"Masinjisa amesema hatakata?"

"Amesema hatakata, mama. Hata mti wake ukifa."

Hapo basi. Hakuhitaji tena hata kuiharibu sindano. Angeweza kunyamaza, na wote wangemwona mwema mpaka siku mti wa Masinjisa utakapoanguka. Alimtazama Sechelela, tumbo lile, vumbi lile kwenye kanga, akajua kwamba hawezi. Alikasirika kwamba hawezi.

"Niletee shoka," alisema.

Uso wa Sechelela ukabadilika. "Mama, nakuomba..."

"Si la mzizi wenu. Lete shoka, mwanangu."

*

Kwa desturi, anayekata humuuliza mwenzake mara tatu kama ana neno. Mwenzake akiwa na neno, watu hukaa chini. Akinyamaza, shoka hushuka.

Mbeleje alisimama mbele ya kaburi alilolifagia asubuhi. Turubai lilikuwa bado juu ya mti na kulikuwa na kiza cha uongo. Nehemia alisimama kwa nyuma kama shahidi, na Masinjisa alikuwa amekuja mbio, kamba bado mkononi, baada ya kuambiwa yote.

"Malogo, una neno?"

Joto. Nzi mmoja.

"Malogo. Una neno?"

Aliwahi kuishi na mtu huyu miaka ambayo hakuna siku aliyokosa neno. Alikuwa na neno juu ya chumvi, juu ya mbuzi, juu ya namna Mbeleje anavyofunga mlango. Sasa alitamani hata tawi lidondoke. Angelichukua kuwa neno, angekaa chini, na wangeanza mazungumzo ambayo yasingeisha. Alisubiri kuliko desturi inavyotaka, na hakuna aliyemharakisha.

"Malogo," alisema mara ya tatu. "Baba Ndahani. Sema basi."

Kisha akateremka kwenye maboga, akainua shoka.

Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wake. Ulikatika kwa mapigo machache, na upande wa kwake maji yakatoka, si kwa kuruka, yakachuruzika tu na kuulowesha udongo kwenye miguu yake. Alitupa shoka mtaroni kama inavyotakiwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mkwe," Masinjisa alisema. Alikuwa amemgeuzia mgongo kwa heshima, akiongea na turubai. "Mimi nilishasema sikati. Sasa wewe umejikata mwenyewe. Kuna kitu unanificha. Hakuna mtu anayefanya hivi bure. Kule kwa baba yako kuna nini?"

Mbeleje alimtazama kisogoni, na katikati ya kilio akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Maneno yale angeyasema yeye, neno kwa neno.

"Njoo utazame," alimwambia. "Kila siku. Nitakuwekea kigoda."

*

Alihama jioni hiyo na sufuria, jembe, mkeka, na panga la kupogolea. Sechelela alimbebea mkeka mpaka korongoni na hakuruhusiwa kuvuka. Walipoagana, binti alifungua mdomo kumwita mama kama kawaida, akasita, kwa sababu mama mkwe aliyeachika hana jina.

"Niite ulivyoniita," Mbeleje alisema. "Na ile nafasi ubavuni pake, uifagie. Kama una muda."

Alilala chini ya mti wa baba yake, kwenye ardhi iliyopasuka, akalala vibaya. Jua lilipotoka tayari alikuwa amelala kwenye kaya hiyo, na chuma kilikuwa halali mikononi mwake. Alijifunga kanga, akapanda. Hakuwa msichana tena, magoti yalilalamika, na miiba ilimkumbuka. Alianza na tawi lililofunika jiko la mama yake. Likaanguka kwa kishindo na majani yake yote. Akaendelea na la pili, kisha na mengine, na mwanga ukaanza kushuka kwenye uwanja ambao haukuwa umeuona kwa miaka.

Aliposhuka kunywa maji alimkuta Nehemia amesimama pembeni na punda wake, anatafuna.

"Umekuja kunipeleleza," alisema.

"Nimekuja kukusalimu. Na kukwambia ya kule, kama unataka." Mbeleje aliendelea kunywa maji. "Asubuhi hii Sechelela ameufinya udongo wa pale kwa Malogo, nami nikautazama. Umebaki na alama za vidole."

Mbeleje aliinamisha kichwa, akajifanya anatoa mwiba kiganjani. Mwiba ulikuwapo, lakini haukuchukua muda wote ule.

"Na huu hapa?" aliuliza.

"Huu una njaa, Binti Chibehe. Umezoea vya kupewa. Ukiupunguza hivi hivi, mizizi yake mirefu ipo, itakumbuka kazi. Labda baada ya mvua. Labda usikumbuke kabisa."

Binti Chibehe. Hakuna aliyemwita hivyo tangu aolewe. Alilisikiliza jina lile kama alivyosikiliza kila kitu maishani, akitafuta hila ndani yake, na hakuikuta.

Nehemia alipoondoka, alipiga magoti chini ya shina, akachota udongo konzi moja, akaufinya, akafungua mkono. Vumbi likamwagika lote. Akajipangusa kwenye kanga, akashika panga, akapanda tena.